Matairi ya Bure "Maisha Yote": Anza Kusoma Kipengele cha Sevisi

Ukipita kwenye barabara kuu za miji mikubwa ya Marekani, iwe Houston, Columbus au Minneapolis, si ajabu kukutana na bango la muuza magari linaloahidi matairi ya bure kwa muda wote utakaomiliki gari. Nunua hapa, hutanunua tairi tena. Tangazo la redio linasema hivyo hivyo, na kijana wa mauzo atayarudia maneno hayo pale tu utakapoanza kusitasita kuhusu bei. Kwa mtu aliyezoea kulikimbiza tairi mpaka liwe kipara, kisha kutafuta jingine la mtumba, ahadi ya namna hiyo ni tamu mno kuiacha.

Ahadi yenyewe si uongo. Wapo waliobadilishiwa matairi yote manne bila kulipia matairi. Wapo pia wanaofika kaunta kashata zimekwisha, mhudumu anatazama kompyuta na kuwaambia kwamba walishatoka kwenye mpango zamani, siku walipomwaga oili kwa fundi wa jirani. Kinachowatofautisha si bahati. Ni karatasi ambayo wengi huisaini bila kuisoma, na kwenye karatasi hiyo sehemu inayoamua mambo haizungumzii matairi hata kidogo. Inazungumzia sevisi.

Naandika haya nikiwafikiria zaidi ndugu zetu wanaoishi huko: muuguzi anayeendesha maili 40 kwenda zamu ya usiku, kijana anayebeba abiria wa Uber baada ya chuo, familia iliyotoka Kongo ikapata makazi Louisville au Des Moines na sasa inanunua gari lake la kwanza jipya. Kila mmoja wao mpango huu unamgusa kwa namna tofauti, na mmoja wao haumfai kabisa.

Nani hasa anayeahidi

Anayekuahidi si Toyota, Honda wala Ford. Ni mwenye duka. Magari mapya mengi nchini Marekani huuzwa na wafanyabiashara binafsi walioruhusiwa kuuza gari la kampuni fulani, na majimbo mengi yana sheria zinazoizuia kampuni yenye wauzaji hao kumuuzia mteja moja kwa moja. Kwa hiyo mpango wa matairi ni ahadi ya duka hilo moja, au ya kundi la maduka ya tajiri mmoja. Ukihama Ohio ukaenda Texas, duka la Toyota la mtaa wako mpya haliwajibiki kwako kwa lolote. Duka likiuzwa, ahadi inaweza kuishia hapo, kwa sababu anayenunua biashara anaweza kuchukua jengo, magari na haki ya kuuza, akaziacha ahadi za aliyemtangulia.

Tena, mara nyingi masharti huwa na kifungu kinachompa mwenye duka haki ya kuyabadili au kuufuta mpango wakati wowote. Kitafute hicho kabla ya vingine. Kama kipo, na hakisemi kwamba wateja waliokwisha kujiunga wataendelea kupewa haki yao, basi "maisha yote" ni maisha ya mpango, si yako wala ya gari.

Kwa nini basi wanatoa? Faida ya kuuza gari jipya ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani, ilhali gereji na vipuri huingiza fedha mwaka baada ya mwaka. Sevisi za bure za mwanzo zikiisha, wateja wengi huhamia kwa fundi wa nje anayetoza nafuu. Tairi la bure limewekwa ili wasihame. Sisemi hivi kwa kulaumu, maana ni biashara halali. Lakini ukishajua kwamba wanachotafuta ni wewe kurudi gereji kwao miaka kumi, utayasoma masharti kwa macho mengine.

Kipengele cha sevisi

Sharti utakalokutana nalo mara nyingi ni hili: sevisi zote zinazopendekezwa zifanyike dukani walikokuuzia, kwa wakati uliopangwa, kwa gharama yako. Sentensi fupi tu, lakini ndiyo inayowatoa watu wengi kwenye mpango.

Anza na kuuliza: zinapendekezwa na nani? Kitabu cha gari kina ratiba ya kiwanda. Toyota nyingi za sasa, kwa mfano, zinazotumia oili ya sintetiki ya 0W-20, hutakiwa kumwagwa oili kila maili 10,000 au miezi 12, na matairi kuzungushwa kila maili 5,000 au miezi 6. Ratiba ya duka ni kitu kingine. Utaikuta imebandikwa ukutani kaunta ya sevisi, ina rangi nzuri, na ndani yake kumeongezwa kusafisha injekta, kubadilisha maji ya breki kabla ya wakati, kusafisha mfumo wa upoozaji, na oili kila maili 5,000 hata kama kitabu kinasema 10,000. Kama masharti yanasema "ratiba ya kiwanda", uko salama kiasi. Unaweza kufungua kitabu na kuonyesha ukurasa. Kama yanasema "sevisi zinazopendekezwa na duka", umempa mwenye gereji kalamu aandike mwenyewe utakachodaiwa. Hapo ndipo pa kuinuka na kuondoka, au angalau kuuhesabu mpango kuwa haupo.

Kisha uliza kama ni sevisi tu au na matengenezo. Kuna karatasi zinazodai kwamba hata kazi ambayo fundi wao ameipendekeza baada ya ukaguzi, kama pedi za breki, shokamzoba au beringi ya gurudumu, ifanyike kwao. Ukikataa pedi kwa sababu fundi wa nje anafunga kwa nusu ya bei, wanaweza kusema umekataa pendekezo na umejitoa mwenyewe.

Halafu kuna wakati. "Kwa wakati" huwa na kipimo, na kipimo hicho hutofautiana: duka moja litakuruhusu kuzidisha maili 500, jingine maili 1,000, jingine litahesabu na miezi pia, lolote litakalotangulia. Hili la miezi ndilo linalowapata wanaoendesha kidogo. Mtu anayefanya kazi nyumbani anaona maili zake hazijafika 3,000 tangu sevisi iliyopita, anatulia, kumbe miezi sita imepita. Na anayeendesha sana naye ana balaa lake: safari moja ya kwenda harusi jimbo la mbali na kurudi inaweza kukutoa ndani ya kipimo ukiwa bado uko njiani. Sevisi moja ikikosekana, karatasi nyingi hazina nafasi ya kujirekebisha. Unatoka, na hakuna barua itakayokujulisha kwamba umetoka. Utajua siku ya kudai.

Kwa hiyo ukiwa bado mezani, kabla ya kusaini, muulize meneja maswali haya kwa sauti ya kawaida: ratiba ni ya kiwanda au ya duka? Nikichelewa, naruhusiwa maili ngapi na siku ngapi? Nikiharibikiwa ugenini, duka jingine la kampuni hiyo hiyo linakubalika? Nikikosa mara moja, kuna njia ya kurudi? Usitosheke na "usijali, tunaelewana". Mikataba ya kununua gari kwa kawaida ina kifungu kinachosema kwamba makubaliano yote yamo kwenye maandishi hayo na hakuna ahadi nyingine nje yake. Kifungu hicho hufuta kila alichokuambia kijana wa mauzo mkiwa mnazunguka na gari. Wauzaji wa Marekani wana fomu maalumu ya kuandika vitu wanavyodaiwa na mteja baada ya mauzo, kama ufunguo wa pili au zulia lililokosekana. Omba ahadi ya matairi iandikwe humo pia, pamoja na jina la mpango na tarehe ya masharti uliyopewa, na meneja asaini.

Usichanganye hili na waranti

Hofu moja hukaa vichwani mwa watu na inawagharimu: kwamba ukimwaga oili nje ya duka lililokuuzia, waranti ya kiwanda inakufa. Si kweli. Sheria ya shirikisho ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975 inamkataza mtoa waranti kuifunga waranti yake kwenye sharti la kutumia huduma au kipuri cha duka fulani, isipokuwa akikupa huduma hiyo bure au akiwa amepata kibali cha Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC. Mwaka 2018 tume hiyo iliziandikia onyo kampuni sita kubwa kwa sababu ya maneno ya namna hiyo kwenye waranti zao. Fanya sevisi kwa fundi yeyote anayeijua kazi, tumia oili ya daraja lililotajwa kwenye kitabu, tunza risiti, na waranti yako inabaki.

Mpango wa matairi ya bure hutolewa kama zawadi ya duka, na ndiyo maana wanaweza kuuwekea sharti ambalo kiwanda hakiwezi kuliweka kwenye waranti ya injini. Mhudumu asiye mwangalifu, au mwangalifu kupita kiasi, huviunganisha vitu hivi viwili mdomoni: "Ukienda nje utapoteza kila kitu." Mwambie akutajie ni kitu gani hasa. Atarudi kwenye matairi.

Tairi linahesabiwa limekwisha lini

Hapa pana jambo linalogusa uhai, siyo fedha tu. Tairi jipya la gari dogo huwa na kina cha kashata cha karibu inchi 10/32. Majimbo mengi huruhusu tairi kuwa barabarani mpaka libaki inchi 2/32, kama milimita 1.6. Mipango mingi hubadilisha tairi likifika hapo hapo kwenye kikomo cha sheria, au likikikaribia sana. Ukienda likiwa bado na 4/32, unarudishwa nyumbani ukasubiri.

Lakini 4/32 tayari ni hatari mvua ikinyesha. Chama cha wenye magari cha AAA kilifanya majaribio yaliyotangazwa mwaka 2018: kwa mwendo wa maili 60 kwa saa kwenye lami yenye maji, magari yenye matairi yaliyobaki 4/32 yalihitaji wastani wa futi 87 zaidi kusimama kuliko yenye matairi mapya, ongezeko la asilimia 43. Futi 87 ni zaidi ya urefu wa tela la lori. Kwa wakazi wa Minnesota au Maine, theluji inataka kashata ndefu zaidi ya hapo. Maana yake ni kwamba kati ya 4/32 na 2/32 mpango unakutaka uendeshe kwa maili elfu kadhaa kwenye tairi ambalo mtu mwenye busara angekwisha kulitupa. Mimi nasema usisubiri. Kama msimu wa mvua au theluji umeingia na tairi liko 4/32, nunua. Zawadi isiyokufikia mpaka uwe hatarini si zawadi ya kuisubiri.

Kupima ni rahisi. Chukua sarafu ya senti moja, ingiza kwenye mfereji wa tairi kichwa cha Lincoln kikiangalia chini. Ukikiona kichwa chote, umefika 2/32. Sarafu ya senti 25 yenye kichwa cha Washington hukuonyesha 4/32 kwa njia hiyo hiyo. Pima sehemu kadhaa, ndani, katikati na nje, kwa sababu kinachofuata ni sharti la kulika sawasawa.

Tairi lililolika upande mmoja kwa kawaida halibadilishwi bure. Sababu watakazotoa ni alaimenti mbaya, upepo mdogo, au shimo la barabarani. Kwa hiyo baadhi ya mipango hudai ufanye alaimenti kwao kila mwaka, kwa fedha yako. Na anayeamua kama tairi limelika vibaya ni fundi wa duka hilo hilo litakaloingia gharama. Kinga yako ni kumbukumbu. Kila sevisi, gereji za maduka haya hukupa karatasi ya ukaguzi yenye rangi ya kijani, njano na nyekundu, na humo hujazwa kina cha kila tairi kwa sehemu ya 32 ya inchi. Usiitupe. Kama karatasi nane mfululizo zinasema matairi yanalika sawa, vigumu kwa mtu kusema siku ya tisa kwamba uliyatelekeza. Angalia upepo mwenyewe mara moja kwa mwezi, na ujaze kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva, sio namba iliyo kwenye ubavu wa tairi. Hiyo ya ubavuni ni kikomo cha tairi, si kipimo cha gari lako.

Pancha, mpasuko na uvimbe wa ubavuni havimo. Hili lieleweke vizuri, kwa maana watu husikia "bure" wakadhani wana bima. Msumari ukichoma ubavu wa tairi lenye umri wa miezi mitatu, unalipa wewe. Na kwa magari yanayosukuma magurudumu yote manne, tairi moja jipya kando ya matatu yaliyolika linaweza kuumiza mfumo wa gari, kwa hiyo pancha moja huishia kununua mawili au manne. Ndipo kwenye ofisi ya fedha, hatua ya mwisho kabla ya kupewa funguo, utauziwa mkataba mwingine wa kulinda matairi na rimu. Wapo wanaoondoka na vyote viwili bila kujua kwamba ni vitu viwili. Kama umeshasaini huo wa pili na unajuta, soma kipengele cha kufuta; mikataba mingi ya namna hiyo inaruhusu kufutwa na kurudishiwa sehemu ya fedha, ingawa kama ilikopwa pamoja na gari, fedha hiyo kwa kawaida hupunguza deni la benki badala ya kukujia mkononi.

Umri nao hauhesabiwi. Tairi huzeeka hata likisimama. Baadhi ya watengenezaji wa magari hushauri libadilishwe likifika miaka sita bila kujali kashata. Anayeendesha maili 5,000 kwa mwaka atakuwa na matairi yenye kashata nzuri na mpira uliokauka, na mpango hautampa kitu. Tarehe ya kuzaliwa ya tairi iko ubavuni mwishoni mwa msimbo wa DOT: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Uiangalie pia siku watakapokufungia hayo ya bure. Masharti husema utapewa tairi "linalofanana", na anayechagua ni wao. Unaweza kuja na Michelin ukaondoka na jina ambalo hujawahi kulisikia. Si lazima liwe baya, ila uliza kabla halijafungwa. Na bure ni tairi tu: kufunga, kubalansi, valvu, ada ya kutupa la zamani na kodi vinaweza kuwa juu yako.

Wasiofaa, na wanaofaidika

Ukiendesha Uber au Lyft, ukisambaza vyakula vya DoorDash au vifurushi vya Amazon, achana na mpango huu. Matumizi ya biashara hutengwa karibu kila mahali, na maneno hayo huwa mapana. Wala usifiche: maili 60,000 kwa mwaka hazifichiki, na stika ya Uber kwenye kioo bado ipo.

Mwenye kubadilisha gari kila miaka mitatu naye hana cha kupata, kwa kuwa matairi ya kiwandani yatamfikisha huko. Aliyekodi gari badala ya kulinunua, vivyo hivyo. Na kama unanunua gari kwa ajili ya mtoto anayekwenda chuo jimbo jingine, nani atalipeleka sevisi? Angalia pia jina lililo kwenye mkataba. Haki hii kwa kawaida haihamishiki, hata kwa mke, mume au mtoto, isipokuwa naye ameandikwa kama mmiliki tangu mwanzo.

Sasa hesabu. Hizi namba ni za mfano, weka zako. Tuseme seti ya matairi manne ya gari lako ni dola 720, na huisha baada ya maili 48,000. Unaendesha maili 12,000 kwa mwaka, unakusudia kukaa na gari miaka minane. Matairi yaliyokuja na gari yanaisha mwaka wa nne. Unapewa seti ya bure, nayo inaisha mwaka wa nane unapouza. Umepata seti moja. Toa dola 100 za kufunga, kubalansi na kutupa ya zamani, inabaki faida ya dola 620, gawanya kwa miaka minane: chini kidogo ya dola 78 kwa mwaka. Basi. Kama sevisi za duka zinakuzidishia zaidi ya dola 78 kwa mwaka ukilinganisha na fundi mwaminifu wa mtaani, unayanunua matairi hayo ya bure, tena ghali. "Kusafisha mfumo" mara moja kwa dola 150, kusikotajwa kwenye kitabu cha gari, kumekula karibu miaka miwili. Kumbuka pia kwamba maduka makubwa ya matairi, na Costco kwa wanachama wake, huzungusha na kubalansi bila malipo matairi waliyokuuzia wenyewe na kukuzibia pancha.

Sasa chukua mteja mwingine. Muuguzi wetu anaendesha maili 24,000 kwa mwaka, zote za kwenda kazini, barabara kuu na lami nzuri. Matairi yake huisha kila miaka miwili. Ndani ya miaka minane atapata seti tatu za kutumia, dola 1,860, zaidi ya dola 230 kwa mwaka. Kama duka liko njiani kwake, ratiba ni ya kiwanda, na angefanya sevisi hapo hata bila mpango, huyu achukue na asiangalie nyuma. Watu wa namna yake wapo, na mpango unawalipa vizuri. Ila ni lazima awe na nidhamu ya tarehe, na zamu za usiku huisumbua nidhamu hiyo.

Bei ya gari kwanza

Usiruhusu matairi yaingie kwenye mazungumzo kabla bei ya gari haijatulia. Kwenye kioo cha gari jipya kuna karatasi ya kiwanda yenye bei, inayotakiwa na sheria ya mwaka 1958. Mara nyingi kando yake hubandikwa karatasi ya pili, ya duka, yenye muundo unaofanana sana na ile ya kwanza, na humo ndimo huorodheshwa nyongeza: kinga ya milango, rangi ya kulinda bodi, upepo wa naitrojeni, na wakati mwingine mpango wa matairi "bure" ndani ya kifurushi chenye bei. Hewa ya kawaida ina naitrojeni asilimia 78, kwa hiyo hapo tu unajua unazungumza na watu gani. Soma karatasi ya mauzo mstari kwa mstari. Ukiukuta mpango wa matairi una bei yake, au umo ndani ya kifurushi cha lazima, si bure. Omba utolewe na bei ishuke.

Mwongozo wa FTC kuhusu kutumia neno "bure" kwenye matangazo, uliotolewa mwaka 1971, unataka masharti yote yasemwe wazi mwanzoni mwa tangazo, na unasema kuyasukuma chini ya ukurasa kwa alama ya nyota hakutoshi. Kanuni mpya ambayo ingewabana zaidi wauza magari kuhusu nyongeza zisizo na maana ilitangazwa Desemba 2023, lakini mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko New Orleans iliifuta Januari 2025 kabla haijaanza kufanya kazi. Udanganyifu kwenye matangazo ulikuwa kosa kabla yake, na bado ni kosa.

Kama umeshajiunga, fungua faili leo. Weka nakala ya masharti ya siku uliyonunua, kwa sababu yaliyoko dukani leo huenda ni mapya. Kila risiti ionyeshe tarehe na maili. Ikikosa maili, irudishe kaunta iandikwe. Weka kikumbusho kwenye simu wiki tatu kabla ya sevisi, maana nafasi za gereji hujaa. Wakikwambia hawana nafasi mpaka wiki mbili zijazo, omba wakuandikie ujumbe kwamba kuchelewa huko hakutahesabiwa kwako. Mara moja kwa mwaka muulize mhudumu kwa barua pepe kama bado umo kwenye mpango. Jibu lake ni ushahidi.

Wakikukatalia siku ya kudai, omba wakuonyeshe kifungu chenyewe kwa maandishi, kisha panda kwa meneja mkuu ukiwa na faili mkononi. Ikishindikana, peleka malalamiko kitengo cha kulinda walaji katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo lako na kwa FTC. Mahakama ya madai madogo ipo pia, na thamani ya seti ya matairi iko ndani ya kiwango chake, ila soma kwanza kama ulisaini kupeleka migogoro kwa msuluhishi.

Na kama bado hujanunua, omba nakala kamili ya masharti uende nayo nyumbani, ukaisome usiku mmoja. Muuzaji akikwambia masharti hutolewa baada ya kusaini, uhesabu mpango huo kuwa na thamani ya sifuri, na jadiliana naye bei ya gari peke yake.